Moyo uliochoka: maswali tunayoulizwa kliniki Mombasa

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na jamaa zao hutuuliza sisi wauguzi kwenye benchi la kliniki ya moyo, mengine kwa sauti, mengine mlangoni mtu akishaaga. Swali moja huulizwa kwa nadra nami natamani lingeulizwa na kila mtu: moyo wangu umechoshwa na nini? Hilo nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Daktari amesema moyo wangu "umeshindwa". Yaani unasimama?

Hapana. Moyo kusimama ni jambo jingine kabisa, dharura ya dakika chache. Wako unapiga, ila kila pigo linasukuma damu pungufu kuliko mwili unavyohitaji. Wengine moyo wao husukuma vizuri tu, lakini misuli imekakamaa, haitanuki sawasawa kupokea damu. Neno "kushindwa" limewatisha watu bure. Nimemwona mzee akimwita mwanawe aandike wasia pale pale koridoni. Mitaani watu husema "moyo umechoka", na mimi naona wao wamelipatia kuliko vitabu.

Chukua mfano wa feri ya Likoni. Feri zote zikifanya kazi, foleni inatembea. Mbili zikiharibika, watu bado wanavuka, lakini magari yanajipanga hadi kule juu barabarani. Kivuko hakijafungwa, taabu unaiona kwenye foleni. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika na hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Nguvu zikipungua, damu hujipanga nyuma yake.

Na hilo neno "sugu" alilolisema daktari?

Kwamba umekaa nao na utaendelea kukaa nao. Si malaria, umeze dawa siku 3 umalize. Unaweza kutulia miaka, halafu ukachachamaa kwa sababu ya nimonia, vyakula vya harusi moja, au dawa zilizoisha tarehe 25 na mshahara bado.

Ugonjwa uko kifuani. Mbona miguu ndiyo inayovimba?

Ni ile foleni. Upande wa kushoto wa moyo hupokea damu kutoka mapafuni. Ukichoka huo, damu hurundikana mapafuni na maji yake huvuja humo: unatweta kwa kazi ndogo, unakohoa usiku. Upande wa kulia hupokea damu ya mwili mzima. Ukichoka huo, maji hutuama miguuni, tumboni, ini nalo likavimba na chakula kidogo kikakushibisha. Mara nyingi pande zote mbili huwa zimeguswa.

Jipime mwenyewe. Bonyeza kwa dole gumba mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, hesabu hadi kumi, achia. Shimo likibaki, kama ulivyobonyeza donge la unga wa mahamri, hayo ni maji. Mkanda wa kandambili ukiacha mfereji mguuni jioni, pia ni dalili. Lakini si kila mguu uliovimba ni moyo. Figo, ini, hata dawa ya presha iitwayo amlodipini huvimbisha miguu. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, huenda ni damu iliyoganda. Hiyo ni ya kwenda hospitali leo.

Mama hawezi tena kulala chali. Anasema kuna kitu kinamkaba usiku.

Wengine huita jinamizi. Mtu akilala, maji yaliyokuwa miguuni mchana kutwa hurudi kwenye mzunguko, moyo hauwezi kuyasukuma yote, mapafu yanalowa. Baada ya saa moja au mbili anashtuka, anaketi ukingoni mwa kitanda, anafungua dirisha. Shida ya mji wetu ni kwamba mwezi wa pili na wa tatu kila mtu anafungua dirisha. Joto linasingiziwa, na mgonjwa anachelewa kuja.

Basi muulize mambo mawili. Akiketi, pumzi inarudi? Na analalia mito mingapi? Aliyekuwa na mmoja mwaka jana na leo ana mitatu, ametueleza mengi bila kipimo chochote.

Moyo unachoshwa na nini hasa?

Hapa ndipo. Moyo kuchoka ni mwisho wa njia, na njia zinazofika hapo ni nyingi. Anayekwambia "una ugonjwa wa moyo" akaishia hapo amekupa nusu ya jibu.

Ya kwanza kwetu ni *presha*. Umewaona vijana wa mikokoteni wanaouza maji ya madumu? Mwache mmoja asukume mkokoteni uliojaa kwenye mlima kila siku, miaka 15. Mwanzo mikono inajaa misuli, unamsifu. Baadaye mgongo unakataa. Presha iliyo juu ya 140/90 miaka nenda rudi ndiyo huo mlima: ukuta wa moyo unanenepa, unakakamaa, kisha unalegea na kutanuka. Balaa ni kwamba haiumi. Watu hutuambia "presha yangu naijua, ikipanda kichwa kinauma." Hawaijui. Wengi wenye 180 hawasikii lolote hadi siku pumzi inapokata.

Ya pili ni *koo la mtoto*. Watu hawaamini, lakini maumivu ya koo yatokanayo na bakteria aitwaye streptokokasi, yasipotibiwa, yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Magoti na viwiko huvimba kwa zamu, homa hupanda, kisha yote hutulia. Mwili, katika kupigana na bakteria, umeshambulia vali za moyo, yaani vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Kila homa inaporudi, vali huzidi kuharibika: hushikamana zisifunguke, au hupinda zisifunge. Msichana anafika miaka 24, ana mimba ya kwanza, ndipo anapoanza kutweta, na hakuna anayekumbuka lile koo. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, huzuia homa isirudi. Ndiyo, inauma. Chomeni.

Ya tatu ni *uzazi*. Mwezi wa mwisho wa mimba, au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, misuli ya moyo ya baadhi ya wanawake hulegea bila sababu nyingine kuonekana. Mama anatweta, miguu imejaa, na nyumba nzima inamwambia ni kawaida ya mzazi, anywe uji wa pilipili manga, atapata nguvu. Uji ni mzuri. Lakini mzazi asiyeweza kulala chali apelekwe hospitali, arubaini isingojwe.

Nyingine nitazipitia haraka. Mishipa inayolisha moyo wenyewe ikiziba, sehemu ya msuli hufa na iliyobaki hulemewa. Kisukari, sigara na mafuta mabaya ya damu ndivyo vinavyoifungulia njia. Pombe nyingi ya miaka hulegeza misuli, na mnazi haujasamehewa. Virusi vinaweza kushambulia moyo. VVU visipotibiwa navyo. Kifua kikuu kinaweza kujaza maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo hadi ukabanwa. Kuna dawa za saratani, doksorubisini kwa mfano, zinazodhuru misuli yake. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua mno, kama kwa baadhi ya wenye selimundu, moyo hukimbizwa mpaka uchoke. Mapafu yaliyoharibika huuchosha upande wa kulia. Wengine huzaliwa na tundu moyoni. Zipo familia ambazo misuli dhaifu hurithiwa. Ikiwa babako na ami yako walifariki wangali vijana wakiwa wamevimba, tuambie. Na wapo ambao tunatafuta chanzo na hatukipati.

Yote hii ina faida gani? Mwenye vali mbovu huenda anahitaji upasuaji, vidonge havitaifungua. Mwenye tezi anatibiwa tezi. Mlevi akiacha, moyo wake unaweza kurudisha nguvu. Dalili zao zilikuwa zile zile.

Nina miaka 38. Huu si ugonjwa wa wazee?

Ulaya na Marekani wengi wao ni wa miaka 70 na zaidi. Kwetu sivyo. Utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliangalia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kuchoka katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Presha ndiyo ilikuwa chanzo kwa takriban asilimia 45, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi asilimia 14, na mishipa ya moyo iliyoziba haikufika asilimia 8. Kwa hiyo ukisoma mtandaoni maelezo ya huko ng'ambo yanayoanza na mishipa kuziba, ujue mpangilio wa kwetu ni mwingine.

Nyumbani wanasema kuna mkono wa mtu.

Sikuulizi dini yako wala sikukatazi kusomewa. Ninachoomba ni kwamba kisomo na dawa viende pamoja, na kombe, yale maji ya aya ya kunywa, lisichukue nafasi ya vidonge. Mizizi ya kuchemsha ndiyo naikatalia, kwa sababu mingine huumiza figo, na figo zako tayari zinapata damu kidogo.

Nitapimwa nini?

Presha, mapigo, uzito, damu (figo, chumvichumvi za mwilini, wingi wa damu, sukari, tezi), ECG inayochora umeme wa moyo, picha ya kifua. Kipimo chenyewe ni eko: unalala ubavu wa kushoto, unapakwa jeli baridi, na moyo wako unaonekana kwenye skrini ukipiga. Haiumi. Asiyewahi kufanyiwa eko hajaambiwa bado kwa hakika ana nini.

Eko imeandika asilimia 30. Nimebakiwa na theluthi ya moyo?

La. Hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja. Mzima hutoa kama asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyoingia chumba cha kushoto, nyingine hubaki. Ukiwa na 40 kushuka chini, msukumo umepungua. Ukiwa na 50 na zaidi na bado unatweta na kuvimba, huenda moyo wako ni ule uliokakamaa. Nambari hii hupanda kwa dawa. Nimeona 25 ikawa 45 ndani ya mwaka, mwenyewe akarudi kwenye kibanda chake cha viazi karai.

Dawa zote hizi za nini?

Zimegawanyika. Furosemidi, ile Lasix ambayo wengi huiita dawa ya maji, inatoa maji yaliyozidi na kukupa pumzi. Nyingine zinaulinda moyo na kurefusha maisha: enalaprili au losartani, karvediloli au bisoprololi, spironolaktoni, na dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari na sasa hupewa hata wasio na sukari. Hizi huzisikii zikifanya kazi. Kwa hiyo fedha zikipungua watu hubakiza dawa ya maji na kuacha zingine, kwa sababu ile wanaiona chooni. Wamebakiza inayofuta dalili, wameacha inayotibu.

Enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu, sema, ibadilishwe. Midomo au ulimi ukivimba, iache papo hapo uende hospitali.

Siku ya kliniki siimezi Lasix. Nitakojoa wapi njiani?

Nashukuru kwa ukweli. Bwana mmoja wa Likoni alikuwa akija kila mwezi amevimba kidogo, nasi tukimwongezea dozi, hadi mkewe alipocheka: mzee hamezi siku ya safari, na safari zake ni nne kwa wiki. Feri, matatu, foleni, hakuna choo. Dawa hii huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na humalizika baada ya saa 6 hivi. Imeze ukifika, au ukirudi nyumbani saa nane mchana. Saa si amri, kumeza ndiyo amri. Usiisogeze hadi usiku tu, hutalala.

Nile nini?

Chumvi ndiyo vita yenyewe, kwa sababu huvuta maji na kuyashika mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya kwenye mkate na mchuzi. Ng'onda na papa mkavu, achari, kachri za mihogo, maembe mabichi ya chumvi na pilipili pale ufukweni, vikolezo vya paketi: hivyo ni vya kuviaga, au kuvionja mara moja kwa mwezi. Pwani tuna bahati ambayo bara hawana. Tui, ndimu, ukwaju, bizari, tangawizi na thomu vinaweza kukibeba chakula bila chumvi, ulimi ukipewa wiki tatu uzoee. Tui lenyewe kwa kiasi.

Madafu nitayasema peke yake. Yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye afya ni sawa. Lakini enalaprili, losartani na spironolaktoni hubakiza potasiamu mwilini, na ikizidi, mapigo yanaweza kuvurugika hadi moyo kusimama. Mwenye figo dhaifu juu ya hayo asinywe madafu kila siku kwa kuambiwa "yanasafisha". Tuulize kwanza, tutazame damu yako. Ile chumvi ya dukani inayoitwa ya wagonjwa wa presha mara nyingi ni potasiamu vilevile.

Ninywe maji kiasi gani na joto hili?

Si kila mtu anapimiwa. Wenye dalili kali huambiwa lita moja na nusu hadi 2 kwa siku, chai na supu vikihesabiwa. Msimu wa joto, ukitoka jasho sana, ukasikia kizunguzungu ukisimama na uzito unashuka, huenda dawa ya maji imezidi. Piga simu kliniki kabla ya kujipunguzia.

Nitafunga Ramadhani?

Njoo Shaaban, usije siku ya tano ya Ramadhani. Aliyetulia miezi kadhaa huenda akafunga, dawa zikapangwa futari na daku. Aliyelazwa juzi, anayetweta akiketi, au anayehitaji dawa ya maji mara mbili kwa siku, ushauri wetu ni asifunge, na Al-Baqara aya ya 184 imemruhusu mgonjwa. Wazee hulia nikiwaambia hivi. Huwa nawaomba wakazungumze na imamu wao, na maimamu wengi hutuunga mkono. Anayefunga naye aangalie meza ya futari: bajia, katlesi, sambusa na viazi karai vinaweza kumletea kwa saa moja chumvi ya siku nzima.

Muguka, yale majani ya miraa?

Hupandisha presha na kuukimbiza moyo. Acha. Sigara pia.

Magoti yananiuma. Nimenunua dawa duka la pembeni.

Diklofenaki na ibuprofeni hubakiza chumvi na maji mwilini na kuumiza figo. Tumelaza watu kwa vidonge vya magoti vya siku tano. Tumia parasetamoli, na mwambie mwuza dawa, kabla hajafungua kabati, kwamba una moyo.

Tendo la ndoa?

Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kutweta, unaweza. Dawa za nguvu za kiume usinunue kienyeji. Pamoja na dawa za maumivu ya kifua aina ya naitreti huweza kuua.

Moyo ulichoka nilipojifungua. Nizae tena?

Rudi ufanyiwe eko kwanza. Moyo usiporudi sawa, mimba nyingine ni hatari kubwa, na hata ukirudi inaweza kujirudia. Enalaprili, losartani na spironolaktoni hazifai kwenye mimba, kwa hiyo panga uzazi kabla, na mume aje asikie mwenyewe, asiletewe ujumbe.

Lini nisingoje tarehe ya kliniki?

Jipime uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si mafuta, ni maji. Piga simu au njoo. Ukitweta ukiwa umeketi, ukikohoa mapovu yenye rangi ya waridi, kifua kikikubana, ukizirai, hiyo ni dharura ya sasa hivi. Ukiwa Likoni, nenda hospitali ya upande wako, usianze kwa kupanga foleni ya feri.

Kadi yangu ya kliniki imepotea. Nije vivyo hivyo?

Njoo. Tia kwenye kikapu dawa zote ulizo nazo, za chini ya mto na zile alizokupa jirani pia, utumwagie mezani tuzitazame pamoja.